Nilivyotunga Kweli na Si Kweli kwa Watoto wa Jinja na Mbale

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama mbele ya darasa la nne, katika shule moja ya msingi ya Jinja iliyopakana na nyumba za askari wa magereza, nikasema, "Hamjambo, watoto?" Nusu ya darasa wakaitika kwa sauti moja, "Hatujambo, mwalimu!" Nusu ya pili wakainamia madawati yao, kimya.

Walioitika walikuwa watoto wa askari waliotoka kaskazini na mashariki, ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya uwanja wao wa kuchezea, pamoja na watoto wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini, kama nilivyokuwa mimi zamani. Baba yangu aliuza vitambaa, na dukani kwetu Kiswahili kilisemwa tangu kufungua mlango hadi kuufunga. Walionyamaza walikuwa watoto wa Kisoga, wenyeji wa Jinja, waliozoea lugha yao ya Lusoga nyumbani na Kiingereza darasani. Hao Kiswahili walikisikia barabarani tu, tena mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye sare.

Mwalimu Mkuu wa shule ile alikuwa mzee mwembamba, mkali wa macho, mpole wa maneno. Alikuwa ameamua kwa hiari yake kwamba watoto wote wajifunze Kiswahili, kwa kuwa hakupenda kuona uwanja wa shule umegawanyika makundi mawili. Jioni ile aliniita ofisini.

"Mwalimu Hajara, umeonaje?"

"Nusu wanasema, nusu wananiogopa," nikamjibu.

"Hawakuogopi wewe. Wanaogopa kukosea mbele ya wale wanaojua. Watafutie jambo ambalo mtoto anaweza kujibu kwa neno moja, na neno hilo liwe sahihi."

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Nimefundisha mengi tangu siku ile, hesabu na sayansi na dini, lakini wanafunzi wangu wa zamani wanaponiona sokoni huwa hawaniulizi habari za hesabu. Wananiita Mwalimu wa Kweli, Si Kweli. Nami hufurahi, kwa sababu ni jina la kazi.

Ninyi walimu vijana mnaonisoma mnaweza kudhani kwamba ni mchezo mwepesi: mwalimu anasoma sentensi, watoto wanasema ni kweli au si kweli, basi. Ngoja niwaeleze. Sentensi ile tuliiita kauli. Kila mtoto alikuwa na kadi mbili tulizozikata kwenye makasha ya sabuni, moja niliipaka rangi ya kijani, nyingine nyekundu. Kijani ni kweli, nyekundu ni si kweli. Mwalimu anasoma kauli mara mbili, anahesabu hadi tatu, kadi zinapanda zote kwa pamoja ili asiwepo wa kumchungulia mwenzake. Na karatasi ya majibu, ambayo mwalimu huifungia kabatini, tuliiita ufunguo.

Siku ya kwanza niliwasomea, "Popo ni ndege." Kadi za kijani zikajaa darasa zima. Nikawaambia si kweli, popo hatagi mayai, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Zogo lililotokea! Mtoto mmoja wa Kisoga, ambaye hakuwa amefungua mdomo wiki nzima, aliruka akasema, "Lakini anaruka! Mimi naona yeye anaruka!" Sarufi iliteguka, lakini mtoto alikuwa anasema Kiswahili, tena kwa hasira. Sikumsahihisha. Nilimwambia, "Endelea."

Kosa langu la kwanza la kitaalamu lilitokea mwezi uleule. Niliandika mtihani mdogo wa kauli kumi, na mtoto mmoja mvivu kuliko wote akapata kumi kwa kumi. Nikampeleka kwa Mwalimu Mkuu nikiamini kwamba ameiba ufunguo. Mzee akaitazama karatasi, kisha akamuuliza mtoto kwa upole alivyofanya.

"Mwalimu anaweka kweli, halafu si kweli, halafu kweli, halafu si kweli," mtoto akajibu. "Mimi sikusoma hata moja."

Mwalimu Mkuu alicheka hadi akavua miwani. "Huyu amekusoma wewe," akaniambia. Akanipa sarafu kutoka mfukoni mwake. "Kabla ya kutunga kauli, irushe. Kichwa, tunga ya kweli. Upande wa pili, tunga isiyo kweli. Mkono wa binadamu una mazoea, sarafu haina."

Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Kauli moja ibebe jambo moja. Ukiandika "Popo huruka na hutaga mayai," mtoto ashike kadi gani, maana nusu ni kweli na nusu si kweli? Usitumie maneno kama daima na kamwe, kwa kuwa watoto werevu hugundua upesi kwamba yakionekana, jibu ni nyekundu. Tena usianze na ukanushi. Ukisema "Popo si ndege," mtoto anayejua vizuri atajikuta anainua nyekundu, kwa sababu akilini anajibu swali la ndege, hajibu kauli yako. Hapo umempima subira, hukumpima maarifa. Na kauli nzuri ni ile inayomfanya mtoto aende nyumbani akabishane. "Jua ni nyota." "Nyoka hufumba macho anapolala." "Korongo wa kwenye bendera yetu ameinua mguu mmoja." Hiyo ya mwisho ilinifurahisha sana, kwa sababu bendera ilikuwa hapo nje, wameiimbia kila asubuhi, na bado darasa zima lilikimbilia dirishani kutazama.

Si kila mzazi aliyependa kazi yangu. Alikuja mama mmoja muuza nyanya wa soko la Jinja, binti yake akiwa darasani kwangu. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini hii lugha sitaki kwa mtoto wangu. Watu wa sare walikuja kwetu na hii lugha. Walisema 'toka nje', baba yangu akatoka. Mpaka leo hajarudi."

Nilimwambia pole, mama, nikamwambia pia kwamba sitamlazimisha mtoto wake, akitaka atakaa maktaba saa ya Kiswahili. Mama akaitika kwa kichwa, akaondoka.

Binti alikaa maktaba siku nne. Siku ya tano nilimkuta mlangoni, amejibanza, anasikiliza. Siku hiyo kauli ilikuwa, "Mbu dume huuma watu." Sikumwambia aingie wala aondoke. Asubuhi iliyofuata yule mama alinisubiri langoni, kikapu kichwani.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ameuliza sisi nyumbani habari ya mbu. Mimi nasema anauma, baba yake anasema haumi. Tumebishana mpaka chakula imepoa. Sasa niambie, kweli au si kweli?"

"Si kweli, mama. Anayeuma ni jike peke yake."

Alirekebisha kikapu kichwani. Kisha akasema, "Kumbe baba yake ameshinda," akafunga mdomo kwa kuudhika, akaenda zake sokoni. Binti yake aliingia darasani siku hiyohiyo, na mama hakuja tena kumtoa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Mbale, kwenye shule ya Nabuyonga, chini ya Mwalimu Mkuu wa aina nyingine kabisa. Huyu alikuwa mama mwenye sauti kubwa na viatu vinavyosikika kabla hujamwona, na alipenda vikombe. Ofisini mwake palikuwa na rafu ya vikombe vya mpira, vya kwaya, vya usafi. Aliniambia siku ya kwanza, "Mwalimu Hajara, nimesikia habari zako Jinja. Mimi nataka kikombe cha Kiswahili hapa," akanionyesha nafasi tupu mwisho wa rafu.

Wakati huo shule za Jinja na Mbale zilikuwa zimeanza kushindana kwa mchezo wetu. Kila mwaka walimu watatu walitunga kauli, zikafungwa kwenye bahasha, na Mkaguzi wa Shule akazisoma ukumbini mbele ya watu. Mkaguzi alikuwa mtu mnyoofu kama rula. Mwaka ninaousimulia, mimi nilikuwa mmoja wa watungaji watatu, na niliketi mezani kando yake kama mtunza ufunguo. Watoto wangu hawakuwa wameona kauli hata moja, na hilo naapa. Wakafika fainali kwa nguvu zao, dhidi ya shule ya Buwenge, ya upande wa Jinja.

Ukumbi ulijaa. Walikuwepo wazazi kutoka Nakaloke waliofunga biashara mapema, masheikh wawili, mapadri, na askari wa magereza waliokuja na sare zao moja kwa moja kutoka kazini. Timu zilikuwa sawa kwa pointi. Ilibaki kauli moja.

Mkaguzi akasoma, "Kuku hawezi kutaga yai bila jogoo."

Niliitambua. Ilikuwa yangu. Sarafu ilisema kweli, nami nikatunga ya kweli, au nilivyodhani. Mnaona pia kwamba niliianza na "hawezi", kinyume cha kanuni yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiandika kwa haraka.

Kadi za watoto wangu zikapanda, zote kijani. Za Buwenge zikapanda, kijani, kijani, na moja nyekundu. Ilishikwa na nahodha wao, msichana mdogo aliyeitwa Naigaga, na kwa kanuni zetu kadi ya nahodha ndiyo jibu la timu. Mkaguzi akatazama ufunguo.

"Jibu ni kweli. Nabuyonga wamepata. Buwenge wamekosa."

Watu wangu wakalipuka kwa vigelegele. Mwalimu Mkuu wangu alikuwa amesimama tayari, mikono juu. Lakini yule msichana hakuketi.

"Bwana Mkaguzi," akasema, "hapana."

"Keti, mtoto. Matokeo yametangazwa."

"Hapana, bwana. Jaja yangu, bibi, iko na kuku tano. Jogoo tulikula siku ya harusi ya shangazi. Mpaka leo kuku wanataga. Mimi ndiyo naokota mayai."

Watu wakacheka. Mkaguzi naye alitabasamu kidogo. "Na hayo mayai yanatoa vifaranga?"

"Hapana, hayatoi. Lakini swali yako haikusema vifaranga. Imesema yai."

Ukumbi ulipunguza kelele. Nilizaliwa mjini, dukani, kati ya majora ya vitambaa. Mayai niliyajua yakiwa kwenye trei. Nilikuwa nimeandika jambo ambalo sikulijua, kwa sababu lilionekana kuwa la busara, na sasa mtoto wa miaka kumi alikuwa ananifundisha mbele ya watu wote wa kazi yangu. Hakuna aliyejua nani kati yetu watatu ameitunga. Ningenyamaza, ingepita. Kombe lingelala Nabuyonga.

Nikasimama. "Bwana Mkaguzi, naomba nafasi. Kuna mtu hapa ukumbini anayefuga kuku?"

Askari mmoja wa magereza, sajini mwenye mvi, aliinuka nyuma kabisa akavua kofia. "Mama, mimi ndiyo nasimamia banda ya kuku ya gereza. Jogoo hakuna hata moja. Mayai tunatoa kila asubuhi. Huyu mtoto anasema kweli tupu."

"Asante, Afande," nikasema.

Mkaguzi aliniinamia, akanong'ona, "Mwalimu, ufunguo umetiwa sahihi. Tukianza kuugeuza hapa, kesho kila shule itageuza. Fikiri."

"Nimefikiri, bwana. Kauli ni yangu. Nimekosea mimi. Huyu mtoto hajakosea."

Mkaguzi alichukua kalamu, akaukata ufunguo kwa mstari mmoja, akasimama akatangaza. Kombe likaenda Buwenge.

Sitawaficha, niliumia. Watoto wangu walilia. Nahodha wangu, Khainza, msichana asiyependa kushindwa hata kwa kuruka kamba, alinipita bila kunitazama. Mwalimu Mkuu alinisubiri nje ya ukumbi.

"Ushindi ulikuwa mkononi mwetu," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Umeutoa kwa mkono wako mwenyewe, Mwalimu Hajara. Nitawaambia nini wazazi?"

"Waambie nilikosea swali, mama. Nami nitawaambia."

Jumatatu niliingia darasani nikiwa nimejiandaa kukemewa. Khainza alikuwa ameandika kauli ubaoni kabla sijafika, kwa herufi kubwa: MWALIMU WETU ALITUNYANG'ANYA KOMBE. Darasa lilikuwa limeketi, kadi mezani. Nilielewa kwamba nimewekwa mtihanini. Nikaisoma mara mbili kama ilivyo kanuni, nikahesabu hadi tatu. Kadi zikapanda, za kijani nyingi, nyekundu chache. Khainza mwenyewe hakuwa ameinua. Aliziangalia kadi za wenzake, akaziangalia zake, kisha taratibu akainua nyekundu.

"Kwa sababu gani?" nikamuuliza, maana wakati huo tulikuwa tumeshafika hatua ya kutoa sababu.

"Kwa sababu halikuwa letu," akasema. Halafu akaongeza kwa uchungu, "Lakini mwalimu, next time uulize mtu wa kuku kwanza."

Nikasema nitafanya hivyo. Na nimefanya hivyo. Tangu siku ile sijaandika kauli ya samaki bila kumuuliza mvuvi, wala ya kahawa bila kumuuliza mkulima wa mlimani.

Mkaguzi hakuniandikia neno kwa muda mrefu, nikadhani nimejiharibia. Barua ilipokuja ilikuwa fupi. Ilinitaka nisimamie kamati nzima ya maswali, na niandike kanuni mpya: mtoto yeyote anaweza kusimama baada ya jibu kutangazwa na kusema "Napinga," mradi atoe sababu, na meza imsikilize mpaka mwisho. Tuliiita rufaa ya mtoto. Nimeisimamia kwa miaka yote iliyobaki ya utumishi wangu. Mara nyingi mtoto alikosea, na akaketi ameridhika kwa kuwa amesikilizwa. Mara chache sisi tulikosea. Sijui kanuni nyingine ya shule iliyotungwa kwa sababu ya kuku watano wa bibi kizee wa Buwenge. Na Mwalimu Mkuu wangu hatimaye alipata kikombe chake, mwaka wa tatu baada ya hapo, akakipangusa kila Ijumaa mpaka alipoondoka.

Sasa nimestaafu. Ninakaa papa hapa Nabuyonga, nyumba ndogo yenye baraza na maua. Watu huniuliza kama siioni kazi yangu kuwa ya kitoto. Nafikiri hawajawahi kumwona mtu mdogo akisimama peke yake na kadi nyekundu katikati ya kadi za kijani. Nimewaona wengi. Wengine leo ni wauguzi, mafundi, mawakili, wengine wanauza vitunguu Nakaloke, na nikipita wananisimamisha na kauli mpya ili kunitega. Najivuna kwa hilo, wala sijifichi.

Kitu kimoja sikukitarajia. Jirani yangu ni mzee Opio, aliyekuwa mpishi wa kambi ya jeshi kwa maisha yake yote. Hapa mtaani kila mtu humwita Afande, ingawa bunduki yake ilikuwa mwiko. Anasema Kiswahili upesi kuliko mimi. Miezi michache baada ya kustaafu kwangu alikuja barazani saa tisa alasiri, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, mjukuu yangu ananiletea karatasi ya shule, anasema 'Babu, soma.' Mimi namwambia macho inauma." Akatazama chini. "Macho haiumi."

Tulianza siku iliyofuata, na tukaendelea kila alasiri. Herufi kwanza, silabi, kisha maneno ya jikoni mwake: chumvi, sufuria, maharagwe. Alikuwa na haya kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Kila nilipomsifu alisema nambembeleza tu.

Wiki iliyopita niliandika kauli moja kwenye kipande cha karatasi, nikampa. Alikiweka mbali, akakisogeza karibu, akaanza kwa kidole. "A-fa-nde... O-pi-o... a-na-ju-a... ku-so-ma." Akafika mwisho. Alifikiri sana, uso umemsinyaa. Kisha akanirudishia karatasi, akatikisa kichwa.

"Si kweli, mwalimu."

"Umekosa, Afande."

"Nimekosa wapi?"

"Hayo maneno, amekusomea nani?"

Alinitazama. Akaitazama karatasi. Kisha akaichukua tena mkononi mwangu, akasimama wima pale barazani, akaisoma upya kutoka neno la kwanza, safari hii kwa sauti ile aliyoitumia kuwaita wanajeshi kambi nzima waje kula.